Mgema Asifiwe kwa Jina

Huku Mombasa bara, kuanzia Changamwe hadi ng'ambo ya hori la Port Reitz kule Tsunza, pombe ya wenyeji, iitwayo mnazi kama mti wake, haipikwi. Haina shayiri, haitiwi hamira ya dukani wala haiwekwi motoni. Inashuka mtini ikiwa imekwisha kuanza kuchacha, na sehemu kubwa ya ustadi wake imetumika kabla ya tone la kwanza kudondoka. Kwa hiyo anayetaka kuuelewa mnazi asianzie mangweni, unakouzwa. Aanze na mgema na kotama lake, kisu cha kugemea.

Kazi inaanza kwa kuchagua karara, ile ala ndefu inayofunika maua ya mnazi kabla hayajachanua. Likiwa changa mno halitoi kitu, na likishapasuka limechelewa. Mnazi wenye afya hutoa karara jipya karibu kila mwezi, na kila linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo mgema mwenye busara hupima mti utoe nini na ubakize nini. Akishachagua, hulifunga kwa nguvu lisifunguke, kisha hulipigapiga polepole na kulipinda kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka lielekee chini. Mkono mzito huliumiza. Mkono mvivu hauamshi utomvu. Kipimo kiko katika vidole vyake, na alikipata kwa kupanda nyuma ya aliyemtangulia.

Hapo ndipo kotama linapoingia. Mgema hukata ncha ya karara, akatundika kibuyu chini yake, na tangu siku hiyo hana likizo. Lazima apande asubuhi, apande tena jioni, na kila safari apunguze kipande chembamba kama ganda la kitunguu ili kidonda kisizibe. Akikata kipande kinene, karara la kugema wiki kadhaa litakwisha mapema. Akiacha kukata, utomvu unakauka. Minazi mirefu ya pwani yetu hupita mita 20, na njia ya kufika kileleni ni vidato vilivyochongwa shinani, tena mara nyingi bila kamba yoyote ya kumshika. Aongezapo mti mmoja katika zamu yake, ameongeza safari mbili za kupanda na mbili za kushuka kila siku.

Utomvu unaodondoka ni mtamu, wenye sukari ya asilimia 10 hadi 15 hivi, na karibu hauna kileo. Lakini hamira za porini na bakteria, zilizomo hewani, kwa wadudu wanaofuata utamu na ndani ya kibuyu chenyewe, huanza kazi papo hapo. Baada ya saa chache mnazi unatoa povu. Ukitimiza siku moja, ukali wake unakaribia wa bia ya kawaida, na ukiendelea kulala unageuka siki. Mgema huongoza mwendo huu kwa namna anavyokitunza kibuyu. Akikisafisha vizuri anapata mnazi mtamu unaokawia kukolea. Akibakiza mashapo ya jana, hamira inakuta makao tayari na mnazi unawahi kuwa mkali.

Ubelgiji, kandokando ya Brussels, wako watengenezaji wa bia iitwayo lambic ambao nao huachia hamira za hewani ziichachushe bia yao, kisha huilaza katika mapipa hata miaka mitatu. Dunia inawaheshimu kwa hilo, na wanastahili. Mgema wa hapa hushirikiana na viumbe wale wale wasioonekana, ila yeye hana mapipa wala miaka. Ana muda wa tangu alfajiri hadi jioni, na mnazi hauwezi kusafiri mbali ukabaki ulivyokuwa.

Wamijikenda waliupa ustadi huu nafasi kubwa. Mnazi hupelekwa katika posa na mahari, humiminwa chini kwa ajili ya koma, yaani mizimu ya wahenga, na wazee huunywa wanapoamua mambo ya watu. Mwanaanthropolojia David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, alieleza jinsi minazi, pombe yake na wazee walioshuhudia mauzo ya mashamba walivyofungamana. Hata katika nyumba za Waswahili ambamo kileo hakiingii, kazi ya mgema ilifika jikoni kwa njia ya siki, kwa asali ya tembo (jina jingine la mnazi wa kunywa) iliyochemshwa ikiwa bado tamu, na kwa tembo la kuumulia unga wa vitumbua.

Methali inaonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa inayoharibu ni ile ya jumla, isiyojua inachokisifu. Mnazi wa wagema kumi ukimiminwa katika galoni moja, mkono mwangalifu na mkono wa pupa inalipwa sawa, na aliyeosha kibuyu chake vizuri hana faida kuliko aliyetia maji. Kijana anayelitazama hilo ana sababu gani ya kupanda?

Sheria ya Kenya ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 ilitoa nafasi ya kuuza pombe za kienyeji kwa leseni. Nafasi hiyo ingetosha kuanzisha desturi ndogo: kila mangwe liuze mnazi kwa jina la mgema, kijiji chake na saa aliyoushusha. Mnywaji ataonja tofauti ya mkono na mkono, atamfuata yule anayemwamini na atakubali kumwongezea bei. Mgema anayelipwa kwa jina lake hatakuwa na haja ya maji.