Redio ya Uani

Roma, tarehe 6 Mei 1938. Hitler ni mgeni wa Mussolini, na mji mzima umekwenda kutazama gwaride. Katika jengo moja kubwa la ghorofa, mama wa watoto sita amebaki na vyombo vya asubuhi ambavyo havijaoshwa. Ng'ambo ya ua, dirisha kwa dirisha, yuko mwanamume mmoja ambaye naye hakwenda. Hao wawili na ua wao ndio karibu filamu nzima ya Ettore Scola, *Una giornata particolare*, iliyotoka mwaka 1977.

Gwaride lenyewe Scola angeweza kulionyesha. Filamu inafunguka kwa picha halisi za habari za wakati ule, za mgeni akipokewa kwa shangwe. Kisha anaziweka kando, asizirudie tena. Kamera inatambaa nje ya jengo, dirisha hadi dirisha, mpaka inaingia jikoni kwa Antonietta, yule mama wa watoto sita.

Kuanzia hapo ufashisti hauonekani sana. Unasikika. Mama bawabu wa jengo amefungulia redio kwa sauti ya juu, na matangazo ya gwaride yanajaa uani, yanapanda ngazi, yanafika darini kwenye kamba za nguo, yanaingia vyumbani bila kupiga hodi. Wawili wakizungumza, redio inazungumza nyuma yao. Wakinyamaza, inabaki yenyewe. Ni ufundi wa hali ya juu kabisa: mtazamaji anazoea kelele hiyo kama wenyeji walivyoizoea, halafu anashtuka kujikuta ameizoea.

Na Gabriele, jirani wa ng'ambo, alikuwa mtangazaji wa redio. Kazi ile ile inayonguruma uani ndiyo aliyofukuzwa, kwa kuwa anapenda wanaume wenzake, na sasa anangoja kuchukuliwa apelekwe Sardinia. Scola hakuzusha. Sheria ya jinai ya Italia ya mwaka 1930 haikuyataja mapenzi ya aina hiyo, lakini polisi hawakuhitaji sheria hiyo: walikuwa na *confino*, yaani kumhamishia mtu mbali bila kumfikisha mahakamani, adhabu waliyopewa pia wapinzani wa siasa. Mwaka 1939 wanaume kadhaa wa Catania walikusanywa wakapelekwa kisiwa cha San Domino.

Majeshi ya Italia yanayoshangiliwa redioni yalikuwa yameingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1936, miaka 2 tu kabla. Anayeitazama filamu hii akiwa Afrika Mashariki hawezi kusikia vishindo vile kama mambo ya watu wa mbali.

Antonietta si adui wa utawala. Ana albamu ya picha za Mussolini, na sura ya kiongozi huyo ameitengeneza kwa vifungo vya nguo. Sophia Loren, aliyesifika duniani kote kwa uzuri, hapa amevaa gauni la nyumbani lililochakaa, uso umechoka, na mpiga picha Pasqualino De Santis amefifisha rangi kama za picha iliyoachwa juani. Marcello Mastroianni, ambaye watazamaji walimzoea kama mpenzi wa wanawake, ndiye Gabriele. Uteuzi huo peke yake ni hoja.

Tukio lisilosahaulika liko darini. Antonietta anaanua nguo. Gabriele anamfunika kwa shuka, kwa utani. Antonietta anadhani anatongozwa, na akiisha kuelewa mambo yalivyo, anampiga kofi. Gabriele anamfuata ngazini akipaza sauti, akilitamka mwenyewe lile neno ambalo wengine humtupia kichinichini. Kwa muda huo mfupi, sauti yake inaishinda redio.

Jioni familia inarudi. Mume anataka mtoto wa saba, na jina keshalipata: Adolfo. Antonietta anakaa jikoni, karibu na dirisha, na kitabu alichopewa na Gabriele. Ng'ambo, wanaume wawili wanamchukua jirani yake, naye anatoka nao kimyakimya. Antonietta anafunga kitabu, anazima taa moja baada ya nyingine, anakwenda kulala. Redio ya uani imenyamaza.