Uandishi wa Tangazo la Fundi

Riwaya hupata mhakiki wake, na shairi hupata mjadala wake. Lakini maneno machache ambayo mshonaji, mpiga picha, seremala au mpishi wa sherehe huyaweka chini ya picha ya kazi yake katika mitandao ya kijamii hupita kama upepo, bila ya mtu kuuliza kama yamefaulu au yameshindwa. Dharau hiyo haina haki. Hii ni nathari ambayo riziki ya mwandishi wake huitegemea, na yamkini wengi katika vijana wanaosoma fasihi vyuoni wataiandika mara nyingi zaidi kuliko watakavyoandika hadithi.

Litazamwe tangazo la mshonaji wa Kariakoo, la namna ionekanayo kila siku: "Tunashona nguo za aina zote kwa ubora wa hali ya juu na kwa bei nafuu. Karibuni sana wapendwa." Sarufi yake ni safi na adabu yake haina lawama. Hata hivyo, kushona nguo kukiondolewa na kutengeneza samani kukatiwa mahali pake, tangazo lilelile litamfaa seremala. Kukitiwa kupika keki, litamfaa mpishi. Sentensi inayomfaa kila mtu haimtambulishi mtu yeyote. Kosa lake si uongo, kwani huenda mshonaji huyu ni hodari kweli; kosa ni kwamba sifa zimekuja bila ya shahidi. Neno "bora" limetumika hata limechujuka kama nguo iliyofuliwa mno, na msomaji hulipita bila ya kugeuka. Ama neno "wapendwa", hilo limetoka kanisani, na huko lina maana kwa sababu msemaji huwaona kwa macho yake hao anaowapenda.

Mfano wa pili umetungwa hapa kwa ajili ya kulinganisha: "Gauni la mama wa bwana harusi. Vipimo Jumatatu, kujaribu Alhamisi, kuchukua Jumamosi. Mkono ukibana, hufunguliwa bila malipo. Ufundi shilingi 85,000. Kitambaa unaleta mwenyewe." Hamna hata sifa moja ndani yake, na bado fundi anaonekana. Anaonekana kwamba anamjua mteja wake, tena anazijua hofu zake mbili: kucheleweshwa, na kuaibika mbele ya wakwe. Yeyote aliyewahi kuketi kwa fundi mkesha wa Idi, nguo yake ingali vipande vipande, ataufahamu uzito wa hiyo Jumamosi.

Sanaa hii si ngeni kwa Waswahili. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, limejulikana pwani nzima kwa kanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla". Jina la kanga halimwambii mnunuzi kwamba nguo ni imara, wala kwamba rangi yake haichuji. Humtajia jirani mwenye choyo, wifi mwenye maneno, mume, mama, subira na stara. Mnunuzi husoma, akajiona, akatoa fedha. Nguo imeuzwa kwa kutajwa maisha ya mvaaji. Mtu anaweza kupinga kwamba jina la kanga ni sehemu ya bidhaa, wala si tangazo. Pingamizi hilo ni la kweli, ila halitoshi: mteja aliyeambiwa wazi siku tatu za gauni lake naye amekwisha kupokea sehemu ya kwanza ya kazi.

Umbo la mitandao lina ubahili wake. Instagram hupokea herufi 2,200 chini ya picha, lakini huonyesha kama 125 tu kabla ya kuficha zilizobaki. Na habari iwekwayo katika hali ya WhatsApp, tangu mwaka 2017, hutoweka baada ya saa 24. Herufi 125 ni karibu na mishororo mitatu ya shairi la mizani 16. Lugha iliyozoea kusema mambo mazito ndani ya mizani haina sababu ya kuulalamikia ufinyu huo. Lakini wengi huutumia ukumbi wote kwa salamu: habari za asubuhi mabosi, poleni na majukumu, natumaini ni wazima. Haja inapofika, mlango umekwisha kufungwa. Ana kwa ana, kutanguliza haja mbele ya salamu ni ufidhuli. Chini ya picha, salamu haina wa kuiitikia.

Jambo linalostahili lawama kubwa zaidi ni kufichwa kwa bei. "Bei njoo inboksi" ni kauli iliyoenea katika kurasa za wauzaji wa Tanzania kama kwamba ni kanuni ya biashara. Watetezi wake wana hoja. Mshindani akiiona bei ataikata. Mteja akija faraghani ataweza kuzungumzwa. Na kila anayeuliza hadharani hulisukuma tangazo mbele ya macho ya wengine. Tena husemwa kwamba kupatana bei ni mila ya soko. Hoja hii ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote. Sokoni kupatana huanza baada ya bei kutajwa: muuzaji hutamka, mnunuzi hushangaa, muuzaji hupunguza, na wapitao husikia. Bei isiyotamkwa haipatanwi; humfanya mteja ashuku kwamba inapimwa kwa picha yake mwenyewe na kwa mtaa anaokaa. Mwenye fedha kidogo huona haya kuuliza, akaondoka kimya, na fundi hatajua kamwe kwamba alikuja. Ni kweli kwamba mpaka rangi hawezi kutaja gharama ya ukuta asiouona, lakini anaweza kusema gharama inategemea nini: upana wa ukuta, hali ya lipu, aina ya rangi.

Limebaki jambo la ushuhuda. Wafundi wengi hupiga picha za jumbe za shukrani walizotumiwa na wateja, wakazibandika hadharani. Desturi hii ina hatari, kwani ujumbe wa faragha ni amana, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022; ruhusa na iombwe, na jina na namba vifutwe. Lakini kwa upande wa uandishi, jumbe hizo huwa nathari bora kuliko ile ya fundi, kwa kuwa ndani yake kuna tukio. Mteja huandika kwamba mvua ilinyesha njia nzima na keki ikafika bila ya ufa, au kwamba bibi aliigusa shela mara mbili akauliza nani kaishona. Fundi huipokea sentensi hiyo, huizungushia maua na nyota za rangi, kisha huandika juu yake kwa herufi kubwa: Ubora wa hali ya juu.