Ufundi wa Kuusaka Waya

Injekta, ambayo gereji nyingi huiita nozeli, ni vali ndogo inayofunguliwa kwa sumaku ya umeme ili inyunyize petroli kuelekea silinda. Waya mmoja huiletea volti 12 za betri muda wote swichi ikiwa imewashwa. Wa pili huenda kwenye kompyuta ya injini, nayo huuunganisha na ati, yaani hasi ya betri, kwa milisekunde chache, kisha huukata. Mzunguko huo ukikatika popote, silinda moja hukosa mafuta. Injini hupiga misi na gari huishiwa nguvu mlimani.

Mazingira ya Mikumi na Kilosa, mkoani Morogoro, Tanzania, huuchosha waya kwa namna mbili. Barabara inayoiunganisha miji hiyo kupitia kijiji cha Ulaya imekuwa ya vumbi na makorongo kwa miaka mingi, na mtikisiko hukata nyuzi za shaba mahali waya unapoingia kwenye soketi, huku gamba la plastiki likibaki zima. Na Mto Mkondoa unapofurika Kilosa, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, gari linalopita majini hurudi na matope kwenye soketi, na pini huota kutu ya kijani.

Mashine ya kupimia hutoa msimbo wa hitilafu: P0201 kwa silinda ya kwanza, P0202 kwa ya pili, na kuendelea. Hapo ndipo ufundi unapoanza, kwa kuwa msimbo hutaja mzunguko tu. Anayeagiza nozeli mpya Morogoro, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mikumi, kwa sababu ya msimbo peke yake, anabahatisha kwa fedha ya mwenye gari.

Fundi makini hutanguliza sikio. Huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli na mpini sikioni. Nozeli inayofanya kazi husikika ikigonga mfululizo. Iliyo kimya huchomolewa soketi na kupimwa ukinzani, ambao katika magari mengi ya petroli huwa takriban omu 11 hadi 17. Ikiwa nzima, lawama huhamia kwenye waya. Taa ndogo ya majaribio huchomekwa kwenye soketi na injini huzungushwa: ikipepesa, amri ya kompyuta inafika, isipopepesa, hutafutwa volti 12. Nozeli zote zikikosa umeme, hukaguliwa fyuzi na rilei kwanza.

Kazi ngumu, na nzuri kuliko zote, ni kuusaka waya uliokatika nusu. Uzi mmoja au nyuzi mbili zilizobaki zinatosha kuidanganya mita, ikaonyesha omu nzuri. Kwa hiyo fundi hupima upotevu wa volti mzunguko ukiwa kazini, na huuvuta waya taratibu, kipande kwa kipande, injini ikinguruma, hadi mlio wa injini ubadilike. Subira hiyo haiuzwi dukani, na inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Waya hukatwa hadi shaba safi, hulehemiwa, huvikwa mpira unaosinyaa kwa joto, kisha hufungwa mbali na eksozi ukiwa umelegea kidogo. Kuusokota na kuuzungushia utepe ni kumpeleka dereva akwame kwenye takriban kilomita 50 za barabara kuu zinazokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, katikati ya tembo na nyati. Mwishowe msimbo hufutwa, na gari huendeshwa likiwa limepata moto, juu ya rasta na mashimo, kisha mashine huchomekwa tena kuhakikisha kwamba msimbo haujarudi.