Hadithi Iliyowekwa Mikononi

Mwanafunzi akiambiwa achague mwenyewe mada ya kuwasilisha darasani, siku hizi si ajabu achague usimuliaji wa hadithi katika gemu. Nalipenda chaguo hilo, na ninalitetea mbele ya walimu wanaoliona la kitoto. Kinachonisikitisha ni njia wanayoipita wengi. Slaidi ya kwanza ni historia ya picha, kuanzia vidoti vya rangi vya miaka ya 1980 hadi nyuso za leo zinazoonyesha hata jasho. Ya pili ni muhtasari wa kisa: nani kamsaliti nani, nani kalipiza kisasi. Ya tatu ni kipande cha video ambamo wahusika wanaongea huku mchezaji kaweka padi chini, anatazama tu. Hapo mada imeshaponyoka, kwa sababu picha, kisa na mazungumzo, hata filamu inavyo. Gemu ina chake: anayesimuliwa ana kazi ya kufanya kwa mikono, na msimulizi stadi huipanga kazi hiyo kwa makini yaleyale ambayo mtunzi wa riwaya huyatumia kupanga maneno.

Chukua gemu ya Brothers: A Tale of Two Sons. Ilitoka mwaka 2013, kazi ya studio ya Starbreeze ya Sweden. Aliyeiongoza, Josef Fares, ni mzaliwa wa Lebanon aliyehamia Sweden utotoni, na jina lake alilipata kwanza kwenye filamu. Ungetarajia mtu wa filamu atujazie mazungumzo. Fares aliwapa wahusika wake lugha ya kubuni ambayo hakuna mchezaji anayeielewa, na kisa chenyewe kinatoshea sentensi mbili. Baba ni mgonjwa, na wanawe wawili wanafunga safari kutafuta maji ya Mti wa Uzima ya kumponya. Mama yao alikufa maji, na tangu hapo yule mdogo hathubutu kuogelea.

Yaliyobaki yote yako kwenye padi. Padi ya gemu ina vijiti viwili vinavyosukumwa kwa vidole gumba. Hapa cha kushoto kinamwendesha kaka, cha kulia kinamwendesha mdogo, na wote wawili wanatembea kwa wakati mmoja. Kila ndugu ana kitufe kimoja tu, kilichojificha nyuma ya padi chini ya kidole cha shahada: cha kushoto cha kaka, cha kulia cha mdogo. Kwa kitufe hicho kimoja anashika, anavuta, anapanda, anaongea na watu njiani. Mwanzoni ni vurugu tupu. Unamtaka kaka aende mbele, mdogo ndiye anayegonga ua. Wakipishana kwenye kioo, kaka akawa kulia na mdogo kushoto, vidole vinachanganyikiwa kabisa. Mbunifu mwenye haraka angeliona hilo kuwa kasoro, akalisawazisha. Fares aliliacha, kwa sababu alikuwa akiufundisha mkono kitu ambacho hakifundishwi kwa maelezo. Saa moja baadaye mkono wako wa kushoto umekuwa kaka, na hukumbuki ni lini jambo hilo lilitokea.

Kila wanapofika kwenye maji, mdogo anamng'ang'ania kaka mgongoni. Kwa vidole maana yake ni hii: kulia unakibana kitufe usikiachie, kushoto unaogelea kwa niaba ya wote wawili. Tendo hilo linarudiwa mara kadhaa njiani, bila muziki wa kulipamba wala maneno ya kulikumbusha. Asiyetaka kujua mwisho aziruke aya mbili zinazofuata, maana sitaweza kuusifu ufundi huu bila kuutaja.

Kaka anafariki kabla safari haijaisha. Mdogo anamzika, na gemu haikuonyeshi mazishi kwa mbali; wewe ndiwe unayemburuta hadi kaburini, wewe ndiwe unayesukuma udongo umfunike, kwa mkono wa kulia peke yake. Mkono wa kushoto bado umeshika kijiti chake na hakuna kinachotembea. Nimetazama vifo vingi vya wahusika kwenye vioo, vingine vikiwa na violini na machozi na theluji ikidondoka, na sijui kingine kilichousogelea msiba kwa ukaribu wa kidole gumba kilichobaki bila kazi.

Kisha mdogo, akiwa na maji ya dawa, anakaribia nyumbani na anakuta maji yametanda mbele yake. Unabana kitufe chake, cha kulia, kile ulichokizoea tangu mwanzo. Anajikunyata, anarudi nyuma. Unajaribu tena, vilevile. Hakuna maandishi yanayotokea kukuelekeza. Unasimama pale hadi kidole cha kushoto, kile cha marehemu, kinapobana. Naye anaingia majini na kuogelea. Riwaya ingesema kwamba alimkumbuka kaka yake akapata nguvu, na filamu ingetuonyesha uso wake ukibadilika. Hapa kumbukumbu imehifadhiwa kwenye kidole chako wewe, na imehifadhiwa huko kwa sababu Fares alijinyima. Kwa saa tatu hivi hakukitumia kitufe kile kwa jambo jingine lolote ila mwili na nguvu za kaka. Angekipa hata kazi ndogo ya pembeni, tuseme kufungua ramani, tendo lile la majini lingepoteza nusu ya uzito wake. Subira ya namna hiyo haionekani kwenye picha yoyote ya matangazo, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko yote katika kazi hii.

Miaka minne baadaye, Aprili 2017, studio ya Giant Sparrow ya California ikatoa What Remains of Edith Finch, chini ya mbunifu Ian Dallas. Mwaka 2018 ilipewa tuzo ya BAFTA ya gemu bora. Ni fupi, saa mbili hivi, na ndani yake msichana anarudi kwenye nyumba ya ukoo wao katika kisiwa cha jimbo la Washington, akipita chumba hadi chumba, na kila chumba kina hadithi ya ndugu aliyefariki. Kila hadithi inachezwa kwa namna yake. Mwanafunzi akiniomba sehemu moja tu ya kuipeleka darasani, nitamtajia ya Lewis, kaka yake msichana huyo.

Lewis anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki wa makopo. Tunayasikia mambo yake kupitia barua ambayo daktari wake wa akili anamwandikia mama yake. Kijiti cha kulia kinaushika mkono wake: chukua samaki, msogeze kwenye kisu, kichwa kikatwe, mtupe kwenye mkanda unaompeleka mbele. Samaki mwingine. Chukua, sogeza, kata, tupa. Mwingine. Daktari anaeleza kwamba Lewis alianza kuwaza mambo mengine akiwa kazini, na kwenye pembe ya kioo kinajitokeza kidirisha cha njia nyembamba zinazopindapinda, na kitu kidogo ndani yake ambacho unaweza kukitembeza kwa kijiti cha kushoto. Sasa una kazi mbili. Samaki hawasubiri.

Kidirisha kinapanuka. Njia zinakuwa mji, mji unapata watu na rangi, baadaye kuna safari ya baharini na ufalme mzima unaomngoja mtawala wake. Kadiri ndoto inavyojaa, ndivyo kiwanda kinavyobanwa pembeni, na wewe unaendelea kuwakata samaki wale bila kuwatazama. Wakati fulani unashtuka kwamba mkono wako wa kulia umekuwa ukifanya kazi peke yake kwa muda na hukuwa nao. Sauti ya daktari inaeleza hali ya Lewis kwa upole na kitaalamu. Mkono wako umeshaipata hali hiyohiyo kabla maelezo hayajamaliza sentensi. Baadaye Lewis wa ndotoni anampita Lewis wa kiwandani, aliyesimama kwenye mashine yake, na anaendelea na safari.

Hadithi hii inaishia kwenye kifo cha kujitoa uhai, na studio iliishughulikia kwa staha: huoneshwi jeraha wala damu. Ningemwomba mwanafunzi naye awe na staha hiyohiyo, kwa kuwa darasani huenda kuna aliyempoteza mtu kwa njia hii. Aseme mapema kitakachoonekana, amwachie nafasi anayetaka kutoka nje.

Linganisha na kinyume chake, kwa ufupi, kwa sababu kasoro pia hufundisha. Mwaka 2007 ilitoka BioShock, gemu iliyosifiwa sana kwa hadithi yake, na mwaka huohuo mbunifu wa Kanada Clint Hocking akaandika kuilalamikia. Hoja yake ilikuwa kwamba kanuni za mchezo zilimpa mchezaji uhuru wa kuchagua ubinafsi, huku hadithi ikimlazimisha kumsaidia mtu mwingine bila kumuuliza. Mikono ilikuwa inasimuliwa jambo moja, masikio jingine. Watu wamebishana kuhusu hoja hiyo tangu hapo, nami siioni kuwa na haki kwa kila kilichomo ndani ya BioShock, lakini kama kipimo ni kizuri: mikono inaambiwa nini, na masikio yanaambiwa nini?

Kwa kipimo hicho, gemu ya Papers, Please inasimama juu kabisa, ingawa kwa sura ni maskini kuliko zote nilizozitaja. Lucas Pope, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi studio ya Naughty Dog kwenye gemu za Uncharted kabla ya kuhamia Japani, aliitengeneza karibu peke yake akaitoa Agosti 2013. Wazo alilipata safarini, akiwatazama maofisa wa uhamiaji wakipekua hati. Anakuweka kwenye kibanda cha mpakani katika nchi ya kubuni ya Arstotzka, mwaka 1982. Yeyote aliyesimama foleni Tunduma au Kasumbalesa anaujua upande mmoja wa dirisha lile. Pope anamkalisha upande wa pili.

Meza ni ndogo makusudi. Pasi, kibali cha kuingia, kitambulisho, kitabu cha kanuni, vyote vinalaliana, na kila asubuhi kanuni zinaongezwa. Unalipwa kwa kila mtu unayemshughulikia, kwa hiyo muda wa kukagua ni pesa, na jioni pesa hiyo inagawanywa: kodi ya nyumba, chakula, joto, dawa kwa familia unayoiona jioni kama orodha tu. Ukikosea, mashine inakutolea karatasi ya onyo. Makosa mawili ya kwanza kwa siku ni onyo tu. La tatu linakatwa kwenye mshahara.

Anakuja mume. Hati zake ziko sawa, unampitisha, naye anakuomba umhurumie mkewe aliye nyuma yake. Mke hana kibali. Pope hakukuwekea maswali mawili ya kuchagua kati ya wema na ubaya, kama gemu nyingi zinavyofanya. Kuna mihuri miwili tu, uliyokuwa ukiigonga siku zote, wa kijani na mwekundu, na pasi unayotakiwa kuisogeza chini ya mmoja wao. Mchezaji mwenye huruma kwa kawaida hujikuta akihesabu kwanza: leo nimeshakosea mara ngapi? Huruma yake imepewa bei, na hakuna aliyemwambia. Ninapenda sana kwamba hata kukataa ni lazima ukufanye kwa mkono, kwa mwendo uleule, na muhuri ni ule uliougonga kwa wengine wote waliotangulia foleni ile.

Gemu hii inapatikana kwenye simu tangu 2022, jambo lenye maana kwa shule isiyo na mashine ya gemu. Inahifadhi mchezo kwa kila siku ya kazi, hivyo mwasilishaji anaweza kuiandaa nyumbani na kuanzia siku anayoitaka. Simu iunganishwe na projekta, aitwe mbele mwenzao ambaye hajawahi kuicheza, apewe siku mbili za mwanzo azoee meza na mihuri, kisha siku ya mume na mke. Mwasilishaji anyamaze wakati huo wote, hata mwenzake akikwama. Wale waliokaa nyuma waambiwe watazame mkono kuliko ukutani. Muda uliobaki uwe wa maswali, na la kwanza aulizwe aliyecheza: pasi ya yule mke aliishikilia kwa muda gani kabla ya kugonga, na alikuwa anahesabu nini?