Sikio la Mwanaisimu

Pale Ibighi, kandokando ya mji wa Tukuyu, kwa Kinyakyusa watu ni abandu, na watoto wawili ni abana babili. Mswahili akisikia hivyo huanza kusema hizi lugha ni ndugu. Mwanaisimu hana haraka hiyo. Kufanana kwa maneno mawili hakumtoshi. Anachotafuta ni utaratibu. Watu, wana, wawili: Kiswahili kinaposema w, Kinyakyusa kinashika b. Tena mtu ni umundu, kitu ni ikindu. Sauti zikijibizana namna hiyo, neno baada ya neno, habari ya bahati imekwisha.

Kazi hii inataka mkono mwangalifu. Kitabu kina vitabu, kama kiti na viti, ila asili yake ni Kiarabu. Shule imetoka Ujerumani. Maneno ya kukopa huwekwa kando kwanza, la sivyo jirani atahesabiwa kuwa ndugu.

Wanyakyusa wana haki ya kujivunia nafasi yao katika elimu hii. Carl Meinhof alipochapisha mwaka 1899 kitabu chake cha sauti za lugha za Kibantu, Kinyakyusa, ambacho Wajerumani walikiita Kikonde, kilikuwa kati ya lugha chache alizozichambua moja moja. Na kilistahili. Kina irabu saba, Kiswahili tano. Wataalamu wengi wanakubali kwamba lugha mame ya Kibantu, iliyozizaa lugha hizi na ambayo haikuandikwa na mtu yeyote, nayo ilikuwa na saba. Kwa hiyo bibi wa Ibighi anayemwita mjukuu wake aje kula anatamka tofauti ambazo Kiswahili, pamoja na magazeti na redio zake zote, kilishazipoteza.

Malcolm Guthrie ndiye aliyezigawa lugha hizi kwa kanda na herufi: Kinyakyusa M31, Kiswahili G42. Kikinga, jirani wa ng'ambo ya milima ya Livingstone, kikaangukia G65. Herufi hizo ni anwani nzuri sana, lakini zilifuata mno ramani. Udugu hausomeki humo peke yake.

Mtihani mgumu uko mto Songwe. Upande wa Karonga, Malawi, watu husema Kingonde, na Guthrie alikiweka pamoja na Kinyakyusa. Ni lugha moja au mbili? Hapo kanuni za sauti hazitoshi. Mtafiti inambidi avuke, asikilize watu wanavyoelewana, kisha awaulize wenyewe wanaiitaje lugha yao.