Anza na Mishale

Ukitaka kumpima mchoraji wa zana za kufundishia baiolojia, mpe achore mzunguko wa maisha ya kimelea cha malaria. Ni mchoro unaotundikwa shule nyingi za Afrika Mashariki, na ni miongoni mwa michoro inayokosewa sana. Jicho la mtazamaji hukimbilia mbu, maana wachoraji humpamba: miguu mirefu, tumbo jekundu, mabawa yenye madoa. Mwache mbu. Anza na mishale. Mchakato wowote wa uhai ni habari ya kitu kinachobadilika, na kwenye karatasi iliyotulia ukutani badiliko halina pa kukaa isipokuwa kwenye mshale.

Uulize kila mshale unasema nini. Kuna mshale wa safari: kimelea kinatoka kwenye ngozi kinakwenda kwenye ini. Kuna wa kugeuka: kimelea kile kile kimebadili umbo. Kuna wa kuzaana: kimoja kimeingia, vingi vimetoka. Chati mbovu hutumia mshale wa namna moja kwa habari zote tatu, na mwanafunzi anayeisoma kwa makini ndiye anayepotea zaidi. Mchoraji hodari hutofautisha. Atatumia mstari mzima kwa safari, nukta nukta kwa kugeuka, na mshale unaotawanyika kwa kuzaana, kisha ataeleza alama hizo kwenye kona moja ya karatasi.

Kwa malaria, mshale wa kuzaana ndio roho ya somo. Sporozoiti moja, yaani kimelea katika umbo linaloachwa na mbu, ikiingia kwenye seli ya ini, hutoka merozoiti kwa maelfu, nazo ndizo umbo linalovamia damu. Kila merozoiti inayofanikiwa kuvamia seli nyekundu ya damu hujigawa humo ndani, seli ikapasuka na kuachia kumi na kitu au zaidi ya ishirini. Kwa Plasmodium falciparum, aina inayotawala Tanzania na Kenya, mzunguko huo wa ndani ya damu huchukua saa 48 hivi. Chati inayoonyesha kimelea kimoja kikiingia na kimoja kikitoka imelifuta jambo lenyewe. Haielezi kwa nini mtu aliyeachiwa vimelea vichache na mbu mmoja anaweza kuwa mahututi wiki mbili baadaye. Homa nayo inabaki bila sababu, kwa kuwa huja pale seli zinapopasuka.

Kisha hesabu maduara. Chati nyingi zina duara moja kubwa: mbu, mtu, ini, damu, mbu tena. Ni umbo linalopendeza na ni la uongo. Mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba kila kizazi cha kimelea lazima kipite kwa mbu. Ukweli una duara dogo ndani ya duara kubwa, na lile dogo huzunguka mara nyingi kabla ya kubwa kukamilika. Jaribio lake ni rahisi. Weka kidole kwenye seli nyekundu iliyopasuka, uulize: kutoka hapa kimelea kinaweza kwenda wapi? Njia ziwe mbili, moja ya kuingia seli nyingine nyekundu, na moja ya kugeuka gametosaiti, umbo la uzazi la kimelea, ambalo litasubiri kufyonzwa na mbu. Kama chati ina njia moja tu, usiinunue.

Angalia pia kama mbu amepewa nusu yake ya habari. Wanafunzi wengi hudhani mbu ni tarishi tu, anachukua mzigo hapa na kuupeleka pale. Kumbe ni ndani ya tumbo la mbu jike wa Anopheles ambamo gametosaiti hukomaa, za kiume na za kike zikaungana. Kisha hukua vifuko kwenye ukuta wa tumbo, na sporozoiti zinazotoka humo husafiri hadi kwenye tezi za mate. Ronald Ross aliviona vifuko hivyo mwezi Agosti 1897 huko Secunderabad, India, na chati inayoviruka imeruka ugunduzi uliompa Tuzo ya Nobeli mwaka 1902.

Mshale ukikosewa, kosa linaweza kuishi muda mrefu kuliko mchoraji. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi wa Ujerumani, Fritz Schaudinn, alidai kuwa ameona sporozoiti ikiingia moja kwa moja kwenye seli nyekundu ya damu. Mshale huo wa mkato ulifundishwa kwa miaka mingi, ingawa haukueleza kwa nini vimelea havionekani kwenye damu kwa siku kadhaa baada ya mtu kuumwa na mbu. Jibu lilikuwa kwenye ini. Percy Garnham, daktari aliyefanya kazi Kenya kwa zaidi ya miaka ishirini, alieleza mwaka 1947 hatua ya ini ya kimelea jamaa wa malaria kinachoishi kwa tumbili. Mwaka 1948, huko London, yeye na Henry Shortt walionyesha kwamba vimelea vya malaria yenyewe hupitia huko huko.

Kwa hiyo mimi hupenda chati inayoandika muda kando ya mshale. Kutoka ngozi hadi ini: dakika hadi saa chache. Ndani ya ini: wiki moja hivi kwa falciparum. Ndani ya mbu: siku kumi au zaidi, kutegemea joto. Maneno machache kama hayo hugeuza picha kuwa mchakato, na mwanafunzi anaweza kujifanyia hesabu ya siku ambayo mgonjwa aliumwa na mbu. Jina la aina ya kimelea nalo liandikwe. Chati inayoonyesha vimelea vimelala kwenye ini kwa miezi kadhaa inazungumzia Plasmodium vivax au ovale. Ikiiweka hatua hiyo kwenye habari ya falciparum, mchoraji amechanganya vitabu viwili.

Vipimo vya ukubwa ni pahala pengine pa kumjua fundi. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Merozoiti haifiki mikromita 2. Mbu anaonekana kwa macho, na ini la mtu mzima lina uzito wa zaidi ya kilo moja. Hakuna anayedai vichorwe kwa uwiano wa kweli, haiwezekani. Kinachodaiwa ni uaminifu: kila ukubwa unapobadilika, mtazamaji aone kwamba umebadilika. Duara la kukuza lenye mistari miwili inayotoka kwenye ini linatosha. Bila hilo, ini, mbu na seli vinakaa kwenye mstari mmoja kama ndugu wa tumbo moja.

Rangi tuipime kwa chati ya moyo. Buluu kwa damu yenye oksijeni kidogo ni desturi tu, na chati njema husema hivyo, kwa maana damu ya kwenye vena ni nyekundu iliyoiva. Tazama ateri inayokwenda mapafuni. Ikiwa imepakwa nyekundu kwa sababu tu ni ateri, mchoraji hakuelewa kwamba ateri hutambulika kwa kuipeleka damu mbali na moyo, iwe na oksijeni au isiwe nayo. Tazama ukuta wa ventrikali ya kushoto, ambao lazima uwe mnene kuliko wa kulia, kwa kuwa ndio unaosukuma damu mwili mzima. Iandikwe pia, tena kwa herufi kubwa, kwamba upande wa kulia wa moyo uko kushoto mwa karatasi.

Kuhusu karatasi yenyewe sina mengi. Manila huchanika na kupauka; kiroba kilichokatwa kikafunguliwa na kupakwa rangi ya mafuta hudumu miaka, na kinafuliwa. Kinachosomeka ndicho muhimu zaidi: nenda kaketi dawati la mwisho usome. Wajerumani Jung, Koch na Quentell, waliotengeneza chati za ukutani za kufundishia, walizichora kwenye mandhari nyeusi, na umbo likajitokeza hata kwa aliyekaa mbali. Majina ya sehemu yakae karibu na sehemu zenyewe, na mistari yake isipishane. Orodha ya namba iliyo chini ya picha humlazimisha mtoto kupandisha na kushusha macho hadi asahau alichokuwa anatafuta.

Kuna mchakato mmoja ambao sijaona chati ya ukutani ikiutendea haki peke yake, nao ni meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotoa mayai na mbegu za uzazi. Mikono inahitajika. Zana bora niijuayo ni nyuzi za kufumia za rangi mbili, moja kwa kromosomu za baba na moja kwa za mama, pamoja na chaki ya kuchora mipaka ya seli juu ya meza. Jozi tatu zinatosha. Ubora wake upime kwa swali hili: je, inamruhusu mwanafunzi kukosea? Vipande vya kadibodi vilivyokatwa ili kila kimoja kiingie mahali pake tu humfundisha kujaza nafasi. Nyuzi zinaweza kufungwa kwa kubadilishana vipande, na zinaweza kuvutwa vibaya, jozi nzima ikaenda upande mmoja. Hapo atahesabu nne huku na mbili kule badala ya tatu kwa tatu. Mwambie aifanye hesabu hiyo kwa jozi 23 za binadamu. Akipata 24 na 22, mwulize itakuwaje yai lenye 24, la ziada likiwa kromosomu namba 21, likirutubishwa. Atajumlisha mwenyewe hadi 47, na somo la hali ya Down litakuwa limeanza.