Wakfu na Ufagio: Chuo cha Berea

Miongoni mwa taasisi zinazostahili pongezi katika ufadhili wa wanafunzi wa kigeni, Chuo cha Berea kilichoko jimbo la Kentucky, Marekani, kina nafasi ya pekee, kwa kuwa hakimdai mwanafunzi yeyote ada ya masomo, desturi inayofuatwa tangu 1892. Kilianzishwa mwaka 1855 na mhubiri John G. Fee, mpinga utumwa aliyetaka weusi na weupe wasome pamoja, jambo ambalo sheria ya jimbo ililipiga marufuku mwaka 1904 na kulizuia hadi 1950.

Nguvu ya chuo hiki ni wakfu, yaani mali iliyowekwa ili mtaji wake udumu na faida yake itumike. Na uamuzi wa 1920, kwamba kila urithi ambao mtoaji hakuutajia matumizi uingizwe humo badala ya kutumiwa papo hapo, ulikuwa wa busara isiyo ya kawaida kwa watu wenye mahitaji mengi. Mwanafunzi wa kigeni, ambaye kwa kawaida hatambuliki katika misaada ya serikali ya Marekani, hugharamiwa hapa ada, malazi na chakula katika mwaka wake wa kwanza.

Kila mwanafunzi, mgeni kwa mwenyeji, hufanya kazi angalau saa 10 kwa wiki, iwe maktabani, shambani au katika karakana ya kutengeneza fagio, kazi ambayo chuo huihesabu kuwa sehemu ya elimu yenyewe.